Wahudumu Wamegoma, Mteja Afanye Nini? Mwongozo Kamili kwa Watu wa Malindi

Mgomo mwingi hufia mlangoni kwa mwenye nyumba. Wiki ya kwanza wafanyakazi hushikamana, huimba na kupiga makofi langoni. Ikifika tarehe tano kodi inadaiwa, daftari la dukani limejaa, na mmoja mmoja anaanza kurudi kazini kwa masharti yaleyale aliyoyakataa. Mteja anayetaka kuwaunga mkono wagomaji auangalie mgomo kutokea hapo. Nani atachoka kwanza huamuliwa na mambo mawili: fedha zinazoingia kwa mwajiri, na chakula kinachoingia jikoni kwa mgomaji. Katika yote mawili mteja ana nguvu kuliko anavyodhani.

Maelezo haya yanawahusu wakazi wa Malindi na vitongoji vyake, kuanzia Watamu hadi Gongoni na Marereni, ambako watu wengi huishi kwa mishahara ya hoteli, maduka makubwa, mashamba ya chumvi na kaunti.

Kwanza, waulize wao

Kosa linaloharibu migomo mingi hufanywa na watu wenye nia njema: mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp "tususie hoteli ile" kabla hajazungumza na mgomaji hata mmoja. Wakati mwingine wafanyakazi hawataki wateja waondoke. Labda bado wako mezani na mwajiri, na wameshika kususia kama silaha ya mwisho. Labda sehemu ya kipato chao ni fungu la ada ya huduma linalogawanywa kila mwezi, kwa hiyo hoteli ikikauka kabla ya mgomo kuanza, wa kwanza kuumia ni wao.

Mtafute mwakilishi wa chama aliyechaguliwa na wafanyakazi mahali pale pa kazi. Kwa hoteli, kazi za nyumbani, shule na hospitali chama kikubwa ni KUDHEIHA. Walimu wa msingi wana KNUT na wa sekondari KUPPET. Muulize: mnataka tuache kununua, au bado? Tangu siku gani? Ni tawi hili pekee au matawi yote ya mwajiri huyu? Madai yenu ni yapi, kwa maneno mafupi tunayoweza kuyarudia bila kukosea? Na mgomo ukiisha, nani atatutangazia? Andika majibu kama ulivyoyasikia. Ukiambiwa "nunueni kama kawaida ila mwambieni meneja mko upande wetu", fanya hivyo hivyo.

Vibarua usiwasahau. Wengi wao si wanachama, hawapo kwenye orodha ya chama, na lango likifungwa hukosa kazi sawa na wenzao wenye mikataba. Uliza jinsi wanavyohesabiwa.

Fahamu sheria kabla hujasema neno hadharani

Kifungu cha 41 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Namna ya kuitumia haki hiyo imeelezwa katika Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Ili mgomo ulindwe, mgogoro lazima uwe unahusu masharti ya kazi au kutambuliwa kwa chama, usuluhishi uwe umejaribiwa ukashindikana, na ilani ya maandishi ya siku 7 iwe imepelekwa kwa mwajiri na kwa waziri wa kazi. Mgomo ukitimiza hayo, mwajiri hana ruhusa ya kumfukuza mtu kwa sababu ya kugoma. Hata hivyo halazimiki kumlipa siku ambazo hakufanya kazi, na ndiyo maana suala la chakula na kodi ni zito kuliko mabango.

Omba kuiona ilani yenyewe, au picha yake. Hivyo hutaaibika ukiulizwa "mgomo huu ni halali?", na utayajua madai kama yalivyoandikwa. Ukikuta ilani haikutolewa, usiwatupe watu kwa hilo; wapelekee chakula kama kawaida. Ila wasihi waende chamani au kwa wakili haraka, kwa sababu sheria inamhesabu aliyegoma bila kufuata utaratibu kuwa amevunja mkataba wake, na mwajiri anaweza kumchukulia hatua.

Sheria hiyohiyo inakataza mgomo wa kuwahurumia wengine. Dereva wa kampuni inayopeleka soda hotelini hawezi kugoma kwa ajili ya wapishi wa hoteli hiyo. Mteja hafungwi na katazo hilo, maana hakuna sheria inayomlazimisha mtu kununua. Mahali ambapo mfanyakazi mwenzao amefungwa mikono, wewe uko huru.

Kususia kunakofika mfukoni

Kususia bila kujua fedha zinaingilia wapi ni kujinyima bure. Hoteli ya ufuoni hapa Malindi haiishi kwa soda ya mkazi anayeingia Jumapili. Msimu wa Desemba na Januari, Pasaka, na Julai hadi Agosti, inaishi kwa wageni waliolipia kupitia mawakala, wengi wao wakiwa Italia. Mvua za masika zikianza wageni hupungua, hoteli nyingine hufunga kabisa kati ya mwisho wa Aprili na Juni, na zilizobaki wazi husukumwa na semina, mikutano ya mashirika na ya serikali, na harusi.

Kwa hiyo mtu mwenye nguvu mwezi wa Mei ni yule anayechagua ukumbi. Karani wa shirika anayepanga semina ya siku tatu kwa watu 30 ana uzito kuliko familia mia zilizoacha kunywa chai pale. Kama wewe ndiye, au unakaa naye ofisi moja, chukua mkataba wa ukumbi usome sehemu ya kughairi: tarehe ya mwisho ya kurudishiwa arbuni, na kiasi kinachokatwa baada ya hapo. Ukighairi ndani ya muda hupotezi kitu. Muda ukiwa umepita, omba kusogeza tarehe badala ya kughairi. Mara nyingi mwajiri hukubali, na fedha mpya hazimwingii mgomo ukiendelea. Kisha mwandikie kwa nini. Asiyejua sababu atadhani umepata ukumbi wa bei nafuu, atapunguza bei kidogo na kuendelea na mambo yake. Barua fupi inatosha:

"Kwa Meneja Mkuu. Mwaka jana tulifanya kwenu semina ya siku tatu ya watu 30, na tulipanga kurudi Novemba. Wafanyakazi wenu wamegoma tangu tarehe 4 wakidai malimbikizo ya mishahara. Hatutaweka nafasi wala kulipa arbuni hadi mtakapoelewana na chama chao. Siku mtakapotia saini tupigieni simu, tuko tayari kurudi."

Sentensi ya mwisho isikose. Mwajiri akiamini wateja wamekwenda moja kwa moja, haoni faida ya kukubali lolote. Kwa mawakala wa Ulaya barua iende kwa lugha yao, na Malindi haina uhaba wa vijana wanaoandika Kitaliano kizuri. Taja jina la hoteli, tarehe ya ilani na madai, usiongeze chumvi.

Duka kubwa lina hesabu nyingine. Hapo wateja ni wengi na kila mmoja anatumia kidogo, kwa hiyo kususia kusikohesabika hakuonekani. Hamisha manunuzi yako kwenye maduka ya mtaani na soko la zamani, na uhifadhi risiti. Mwenye duka asiyetoa risiti atakuandikia kwenye karatasi ukimwomba. Kila Jumamosi piga picha, jumlisha, na mtu mmoja akusanye jumla za wote. Nyumba 40 zinazotumia shilingi 10,000 kila moja kwa mwezi ni shilingi 400,000 ambazo duka lile halikuziona. Tarakimu hiyo, ikiambatana na picha za risiti, ndiyo ya kumpelekea meneja na ofisi yake kuu. Meneja huweza kuipuuza kelele, lakini ofisi kuu haipuuzi mauzo yaliyohamia kwa jirani.

Bidhaa za viwandani, kama chumvi ya pakiti, zinahitaji macho. Soma nyuma ya pakiti jina la mtengenezaji, maana mtengenezaji mmoja anaweza kuuza kwa majina kadhaa ya biashara. Somo hili lilipatikana kwa gharama kubwa Marekani. Wachuma zabibu wa Delano, California, waligoma tarehe 8 Septemba 1965; walioanza walikuwa Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong, na siku chache baadaye wakaungana nao wenzao wa asili ya Meksiko chini ya Cesar Chavez na Dolores Huerta. Waliposusia zabibu za kampuni moja, kampuni ile ikaanza kupakia mzigo wake chini ya lebo za wakulima wengine. Wakalazimika kupanua mgomo wa wanunuzi hadi zabibu zote za mezani za California, na mikataba ikatiwa saini mwaka 1970. Ni miaka mitano. Wanunuzi wa miji ya mbali, ambao hawakuwahi kuliona shamba la zabibu, waliendelea kukataa tunda moja hadi mwisho.

Kuna watu watakaoumia bila kosa: mvuvi aliyezoea kuuzia hoteli changu na kolekole, mama anayeipelekea mchicha na ndimu. Hao wasipopata mnunuzi mwingine wataulaumu mgomo, na watakuwa na haki. Panga mapema. Nenda bandarini asubuhi, nunua wewe na majirani kwa pamoja, hata kama ni kilo mbili mbili kwa kila nyumba.

Chakula cha langoni

Hapa ndipo wengi hutoa kwa moyo na kuharibu kwa kutopanga. Siku ya kwanza zinakuja sufuria saba za pilau, siku ya nne hakuna hata uji. Gaweni siku kwa mitaa au kwa misikiti na makanisa: Barani siku hii, Maweni siku ile, Muyeye inayofuata. Mtu mmoja ashike ratiba na awe anapokea simu.

Kwa wagomaji 50, hesabu ya asubuhi ni hii. Uji lita 20, unaohitaji unga kilo 2 na sukari kilo 1. Kama ni mahamri, mawili kwa mtu ni mahamri 100, yaani unga wa ngano kilo 5, na mbaazi kavu kilo 4 zilizolowekwa usiku kucha pamoja na nazi 8. Mchana, mchele kilo 6 na maharagwe kilo 4. Maji ya kunywa lita 2 kwa mtu kwa nusu siku juani, jumla lita 100, ambazo ni mitungi mitano ya lita 20. Vikombe vya kila mtu na chake, vya chuma au plastiki ngumu. Kikombe kimoja kikizungushwa kwa watu hamsini, kuhara hakuchelewi.

Mambo ya nazi yaliwe kabla ya saa nne asubuhi. Mbaazi za nazi zilizofungiwa kwenye sufuria, zikapakiwa tuktuk na kuachwa juani, huchacha kabla ya adhuhuri, na ukisikia harufu ya uchachu chini ya mfuniko zimwage zote. Mchana peleka maharagwe ya kukaangwa kwa kitunguu na nyanya, yasiyo na nazi. Yanavumilia joto zaidi, ingawa nayo yasilale. Usijaze sufuria ndani ya tuktuk kupita robo tatu, na ufunge mfuniko kwa kitambaa. Mwezi wa Ramadhani zamu ya mchana ipungue iwe ya wasiofunga, na nguvu ihamie kwenye futari: tende, uji, viazi, kaimati, na maji mengi.

Kodi, deni la dukani na fuko la mchango

Nyumba ya watu watano kwa wiki inakwenda na unga wa mahindi kilo 6, mchele kilo 3, maharagwe au pojo kilo 2, mafuta lita 1, sukari kilo 1, majani, chumvi na sabuni ya mche. Ongeza sodo, na maziwa penye mtoto mdogo. Kwa mwenye kisukari au presha, fedha ya dawa ni bora kuliko unga.

Njia moja ya kusaidia inayolinda heshima ya mtu ni kumlipia deni dukani. Nenda kwa mwenye duka ambaye mgomaji hukopa, lipa shilingi 1,000 au 2,000 kwenye ukurasa wake wa daftari, mwenye duka aandike na apige sahihi mbele yako. Mgomaji anakuta deni limepungua, anaweza kukopa tena, na hakuna aliyemwona akinyoosha mkono. Kama wewe ndiye mwenye duka, ongeza kiwango cha mkopo kwa wagomaji unaowajua na uandike ukomo wake wazi, usije ukafilisika nawe.

Mwenye nyumba naye ni mteja wa mtu fulani. Kupokea nusu ya kodi sasa na kuandikiana kwamba nusu italipwa kwa awamu tatu baada ya kazi kurejea ni msaada mkubwa kuliko gunia la mchele. Iandikwe, isainiwe na wote wawili, na tarehe ziwepo. Ahadi ya mdomo huzaa ugomvi mgomo ukipita wiki sita.

Fuko la mchango lisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu vipi. Akiugua au akipoteza simu, mgomo umesimama. Na tetesi ikizuka hana ushahidi wa kujitetea. Tumieni akaunti ya chama, au akaunti ya kikundi yenye watia saini watatu ambao wawili lazima wakubali kila fedha inapotoka. Anayepokea kwa M-Pesa ajue ukomo: shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, na salio lisilozidi 500,000. Kila jioni itangazwe kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Majina ya waliosaidiwa yasitangazwe; namba tu zinatosha. Mpangilio wa kutoa uamuliwe na wagomaji wenyewe kabla shilingi ya kwanza haijaingia: dawa kwanza, kisha anayetishiwa kutolewa nyumbani, kisha karo, kisha chakula, au vyovyote watakavyokubaliana.

Toa kidogo kila wiki badala ya kikubwa mara moja. Watu 100 wakitoa shilingi 200 kila Ijumaa ni shilingi 20,000 ambazo wagomaji wanaweza kuzitegemea wakipanga mwezi. Shilingi 50,000 za siku moja huleta shangwe, huisha, na mwajiri anajua zimeisha. Kuzungusha makopo barabarani kunahitaji kibali. Ni salama zaidi kuchanga baina ya watu mnaofahamiana.

Langoni na mtandaoni

Kifungu cha 37 cha Katiba kinalinda kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Kama nyinyi wateja mnapanga mkutano au maandamano yenu, Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkuu wa kituo cha polisi aarifiwe kwa maandishi siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla, na shughuli iwe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Peleka nakala mbili, ubaki na moja iliyogongwa muhuri. Msizibe lango, msimguse mgeni, na gari la wagonjwa lipishwe mara moja. Jiwe moja likirushwa, habari ya jioni itakuwa jiwe, na malimbikizo ya mishahara hayatatajwa.

Usipige picha za nyuso za wagomaji bila idhini yao, hata kwa nia ya kuwasifu. Picha ileile huwa orodha mikononi mwa mwajiri. Piga bango, migongo, sufuria.

Waliochukuliwa kujaza nafasi msiwatukane. Wengi ni vibarua wenye njaa kama wagomaji, na kijana aliyetukanwa leo hatajiunga na chama kesho. Waelezeni mgomo unahusu nini, muwaache.

Ukiandika maoni mtandaoni, andika ulichokiona au kilichomo kwenye ilani. "Wafanyakazi wa hapa wamegoma tangu tarehe 4 wakidai mishahara ya miezi miwili" ni maelezo. "Mwenye hoteli ni mwizi" inaweza kukufikisha mahakamani na kuwageuza wagomaji mashahidi wa kesi yako. Usiandike kwamba chakula ni kibovu kama hukukila.

Mwajiri akiwa kaunti

Hospitali haisusiwi. Huduma za hospitali, maji na zimamoto zimo katika orodha ya huduma muhimu ambazo sheria inazuia migomo yake, ingawa madaktari wa umma waligoma siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, na siku 56 mwaka 2024. Mgomo ule wa kwanza ulihusu mkataba uliosainiwa mwaka 2013 na haukutekelezwa. Kwa hiyo, muuguzi akigoma, swali la kwanza la mwananchi ni hili: karatasi gani ilisainiwa, na kwa nini haijalipwa?

Jibu huwa kwenye bajeti. Mkakati wa fedha wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Vikao vya maoni ya umma vikiitishwa, fika na ukurasa wa afya mkononi, uliza fungu la mishahara na vyeo lilipo, na hakikisha jibu limeandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kila mtu ana haki ya kupeleka ombi la maandishi kwenye bunge la kaunti kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012. Mpelekee nakala mwakilishi wa wadi yako, naye aulizwe msimamo wake mbele ya watu. Mgonjwa anayehitaji kupelekwa mbali wakati wa mgomo asaidiwe usafiri. Hilo nalo ni kuwasaidia wagomaji, kwa sababu lawama za wagonjwa ndizo mwajiri huzitegemea.

Siku ya kurudi

Usirudi kununua kwa kusikia redioni. Ngoja tangazo la yule uliyeelezwa tangu mwanzo, kwani mwajiri anaweza kutangaza mgomo umeisha huku hakuna kilichosainiwa. Likitoka, rudi wiki hiyohiyo na urudi kwa wingi. Kuendelea kususia baada ya makubaliano hupunguza saa za kazi na kumpa mwajiri sababu ya kupunguza watu waleule. Mwambie meneja: tumerudi kwa sababu mmeelewana.

Fuko lisifungwe siku hiyo. Mshahara wa kwanza hufika mwisho wa mwezi, na madeni ya mgomo yapo. Endeleeni kuchanga wiki nne zaidi, kisha hesabu ya mwisho isomwe mbele ya wote na waamue masalio yaende wapi.

Halafu angalia nani hayupo. Mteja wa kila siku hugundua mapema: mhudumu aliyejua chai yako haina sukari haonekani, mpishi wa jioni amehamishwa zamu ya usiku, mwakilishi wa chama amepewa likizo isiyo na mwisho. Muulize meneja kwa jina la mtu huyo, ana kwa ana, na urudi kuuliza juma linalofuata.